Je, Mungu Anaijua Smile?

Kati ya mwisho wa 1966 na mwanzo wa 1967, kampuni ya Capitol ya Marekani ilichapisha majalada zaidi ya laki nne ya santuri mpya ya bendi ya The Beach Boys. Mbele mchoraji Frank Holmes alikuwa amechora duka dogo linalouza tabasamu. Nyuma kulikuwa na orodha ya nyimbo 12, pamoja na maelezo mafupi kwa mnunuzi: mpangilio sahihi wa nyimbo autazame kwenye lebo. Lebo hiyo haikuchapwa kamwe, na santuri yenyewe haikutoka. Tarehe 6 Mei 1967 msemaji wa bendi, Derek Taylor, alitangaza kwamba albamu iliyoitwa Smile imeachwa.

Ubishi haukuachwa. Ni zaidi ya nusu karne sasa mashabiki wanavutana juu ya mpangilio ule uliokuwa uandikwe kwenye lebo. Wimbo gani ungefungua upande wa pili? “Surf’s Up” ungefunga albamu, au ungefunga upande wa kwanza tu? Kile kipande cha sekunde chache, kisicho na jina la uhakika, ni mkia wa wimbo gani? Mtu asiyewajua anaweza kudhani ni mchezo wa watu wenye muda wa kupoteza. Lakini ukiwasikiliza vizuri utagundua kwamba, bila kukusudia, wameingia kwenye swali lililowagombanisha wanateolojia wa Ulaya karne ya 16 na ambalo wanazuoni wa Kiislamu walikuwa wamelizungumzia mapema zaidi: je, kuna ukweli wowote kuhusu jambo ambalo lingetokea lakini halikutokea? Na kama upo, nani anaujua?

Kwanza ieleweke kilichokuwa kikitengenezwa. Brian Wilson, kiongozi wa bendi na mtunzi wake mkuu, alikuwa na miaka 24. Mwishoni mwa 1964 alishikwa na hofu kali ndani ya ndege, akaacha kusafiri na wenzake, akabaki Los Angeles kutunga wakati ndugu zake Carl na Dennis, binamu yao Mike Love na rafiki yao Al Jardine wakizunguka majukwaani. Mei 1966 ilitoka albamu ya Pet Sounds. Oktoba mwaka huohuo ukatoka wimbo “Good Vibrations,” uliorekodiwa kwa miezi saba katika studio nne tofauti, kipande leo, kipande mwezi ujao, kisha kanda zikakatwa kwa wembe na kuungwa kwa utepe wa gundi mpaka wimbo ukapatikana. Ulishika namba moja Marekani na Uingereza. Brian akaona amepata njia. Akaamua kuitengeneza albamu nzima hivyohivyo, na mashairi akamwachia kijana mwenye maneno ya mafumbo, Van Dyke Parks.

Njia hiyo ndiyo iliyozaa utata wote. Wimbo wa kawaida hurekodiwa kuanzia mwanzo hadi mwisho; hata ukiachwa njiani, sura yake inaonekana. Smile ilirekodiwa kama vipande vinavyoweza kuhamishwa. Kibwagizo cha wimbo huu kingeweza kuwa utangulizi wa ule. Mdundo uleule ulijaribiwa kwa vinanda, kisha kwa sauti za watu, kisha kwa filimbi. Hata tukisahau vipande, tukachukua zile nyimbo 12 za kwenye jalada kana kwamba kila moja imekamilika, zinaweza kupangwa kwa namna 479,001,600. Hiyo ni hesabu tu, wala haina falsafa ndani yake.

Halafu kuna “The Elements,” wimbo uliotakiwa kubeba vitu vinne vya asili: moto, hewa, maji na ardhi. Wenye uhakika ni moto peke yake. Tarehe 28 Novemba 1966, katika studio ya Gold Star, Brian aliwavisha wanamuziki kofia za watoto za zimamoto, akaagiza kuni ziwashwe ndani ya ndoo ili wausikie moshi, ndipo wapige. Kipande hicho kikaitwa “Mrs. O’Leary’s Cow,” jina la ng’ombe anayesingiziwa katika hadithi za mitaani kwamba ndiye aliyeunguza Chicago mwaka 1871. (Baraza la jiji lilimsafisha yeye na mwenye naye mwaka 1997, jambo ambalo halikuwasaidia sana.) Brian aliposikia kwamba kumetokea moto karibu na studio, aliogopa kwamba muziki wake ndio ulioita balaa. Baadaye alisema amezichoma kanda hizo. Hakuzichoma, zipo, na mtu yeyote anaweza kuzisikiliza leo.

Vitu vitatu vilivyobaki ndivyo vinavyowakesha watu. Wako wanaosema “Wind Chimes” ni hewa. Wako wanaosema “Vega-Tables,” wimbo wa mboga ambao kwenye rekodi yake husikika watu wakitafuna, ndio ardhi. Wenzao hujibu kwamba wimbo huo umeandikwa peke yake kwenye jalada, mbali na “The Elements,” basi utakuwaje sehemu yake? Kuhusu maji kuna wanaoelekeza kidole kwenye kipande kiitwacho “Love to Say Dada.” Kila mmoja ana kanda yake na tarehe yake. Kazi wanayoifanya mashabiki hawa inafanana na ya mwanazuoni anayekagua sanadi ya hadithi ya Mtume: nani kaipokea kwa nani, lini, na je, mpokezi alikuwapo chumbani? Umakini wao unastahili heshima. Tatizo liko kwingine: mkaguzi wa sanadi ana yakini kwamba kuna maneno yaliyotamkwa siku moja na mtu mmoja. Wapenzi wa Smile wanakagua sanadi ya maneno ambayo huenda hayakutamkwa.

Dini haikuletwa hapa na mwandishi. Imo ndani ya muziki wenyewe. Brian aliwaambia watu wakati ule kwamba anamtungia Mungu simfonia ya kijana. Jina la kwanza la albamu lilikuwa Dumb Angel. Na kipande ambacho kwenye kanda anasikika akikitaja kuwa ni utangulizi wa albamu ni “Our Prayer,” sala ya dakika moja hivi isiyo na neno hata moja, sauti tupu zikipandana kama kwaya kanisani. Hata hiyo haikubaki mahali pake. Bendi ilipohitaji nyimbo za kujazia albamu ya 20/20 ya mwaka 1969, sala ya kufungulia ilichukuliwa ghalani na kuwekwa ya 11 kati ya 12.

Sasa turudi karne ya 16. Mwaka 1588 Mjesuiti wa Kihispania, Luis de Molina, alichapisha kitabu kilichodai kwamba Mungu ana aina tatu za ujuzi. Anajua yote yanayowezekana. Anajua yote yaliyopo na yatakayokuwapo. Na katikati ya hayo mawili, anajua kila kiumbe chenye hiari kingechagua nini kama kingewekwa katika hali fulani, hata kama hali hiyo haitatokea kamwe. Ushahidi wake aliutoa kwenye Biblia. Katika sura ya 23 ya kitabu cha Samweli wa Kwanza, Daudi amejificha mjini Keila. Anamuuliza Mungu kama Sauli atashuka kumfuata na kama watu wa mji watamtoa. Anajibiwa kwamba Sauli atashuka, nao watamtoa. Daudi anakusanya watu wake wapatao mia sita, anaondoka. Sauli anapata habari, anaghairi kwenda. Kwa hiyo Mungu alilijua jambo ambalo halikuwa. Molina alitaja pia Injili ya Mathayo, Yesu anaposema kwamba miujiza ya Korazini ingalifanyika Tiro na Sidoni, watu wa huko wangalitubu zamani.

Msomaji Mwislamu hatalishangaa hilo. Katika Suratul An‘am, aya ya 28, watu wa motoni wanaotamani kurudishwa duniani wanaambiwa kwamba hata wangerudishwa wangeyarudia yaleyale waliyokatazwa. Hawatarudishwa, lakini Mwenyezi Mungu anajua wangefanya nini. Wanazuoni walilieleza hilo kwa ufupi unaopendeza: Mungu anajua yaliyokuwa, yatakayokuwa, na yasiyokuwa lau yangekuwa yangekuwaje. Kisa cha Nabii Musa na Khidhri katika Suratul Kahf kinasimama juu ya msingi huo. Khidhri anamuua kijana kwa sababu ya yale ambayo kijana angewafanyia wazazi wake kama angeishi.

Ukimpa shabiki wa Smile hoja hizo, atafurahi. Maana yake ni kwamba mpangilio sahihi upo. Brian angeendelea wiki sita zaidi, kesi ya mrabaha ambayo bendi iliifungua dhidi ya Capitol isingekuwapo, Mike Love asingelalamika kwamba haelewi maana ya mashairi, Parks asingeondoka, dawa za kulevya zisingekuwapo, basi albamu fulani, moja, ingetoka, na Mungu anaijua noti kwa noti. Kazi ya binadamu ni kuikaribia. Huo ndio msimamo ambao mashabiki wengi huushika bila kuutaja.

Tatizo ni kwamba Molina alipingwa tangu siku ya kwanza, na pingamizi hazijawahi kumalizwa. Wadominikani, wakiongozwa na Domingo Báñez, walisema ukweli wa namna hiyo hauwezi kuning’inia hewani bila kushikwa na kitu. Kama Mungu anajua mtu angefanya nini, ni kwa sababu Yeye mwenyewe angetaka iwe hivyo. Mvutano ukafika Roma. Papa Klementi VIII aliunda tume. Mwaka 1607 Papa Paulo V aliufunga mjadala bila kuamua nani ana haki, akazitaka pande zote ziache kuitana wazushi. Waashari katika Uislamu, wanaoshika kwamba matendo ya waja huumbwa na Mungu, wangekuwa karibu zaidi na Báñez kuliko Molina.

Mwaka 1977 mwanafalsafa Mmarekani Robert Adams aliamsha mgogoro huo upya, akauliza swali jepesi kwa sura: sentensi kama hizi zinafanywa kuwa kweli na nini? Chukua hii: “Brian asingeacha, angeifunga albamu kwa ‘Surf’s Up.’” Haifanywi kweli na mantiki, maana kinyume chake kinawezekana pia. Haifanywi kweli na tabia ya Brian, maana mtu mwenye hiari anaweza kwenda kinyume na tabia yake. Haifanywi kweli na tukio lolote, maana tukio halikuwapo. Basi haina kinachoishika.   

Kuhusu Keila, Adams anasema huenda Daudi alielezwa nia iliyokuwa tayari mioyoni mwa Sauli na watu wa mji, wala si tukio kamili katika ulimwengu mwingine. Nia ni kitu kilichopo. Inaweza kujulikana. Hapo ndipo mjadala wa Smile unapopata mpaka wake, na hapo ndipo mashabiki wengi wanapouvuka bila kuangalia chini. Nia ya Brian ya Desemba 1966 ina ushahidi: orodha ya nyimbo 12, mazungumzo kwenye kanda, mashairi ya Parks. Uamuzi ambao angeufanya Machi au Juni hauna ushahidi, kwa sababu hakuufanya.

Kuna jaribio moja la kweli katika historia hii, na linaumiza. Wimbo “Heroes and Villains” ulikuwa uti wa mgongo wa albamu. Brian aliurekodi kwa miezi, matoleo juu ya matoleo, vipande vya kutosha kujaza upande mzima wa santuri. Mtafiti aliyezisikiliza kanda zote hadi mwisho wa Mei 1967 angeweza kutabiri kwa ujasiri ungetokaje. Kisha Brian akaumaliza. Mnamo Juni, nyumbani kwake Bel Air, aliweka pembeni sehemu kubwa ya kazi ile, akarekodi sehemu mpya, na Julai wimbo ukatoka ukiwa na umbo ambalo kanda za awali hazikulitabiri. Ulifika namba 12 Marekani. Kwa wimbo huo tulioona akiukamilisha, alichagua kisichotarajiwa. Kwa nini tuamini kwamba zile ambazo hakuzimaliza zingefuata ramani?

Shabiki mwenye kujua atajibu kwa “Surf’s Up.” Wimbo huo ulikamilishwa mwaka 1971 kwa kuunganisha ala za 1966 na sauti mpya ya Carl, pamoja na rekodi ya zamani ya Brian akiimba peke yake kwenye piano. Na mwisho wake, ambao Brian mwenyewe alisaidia kuujenga, unainuka kana kwamba ulikuwa ukingoja tangu mwanzo. Ni hoja nzuri. Lakini inathibitisha tu kwamba vipande vya zamani vinaweza kupata umbo zuri. Haithibitishi kwamba umbo hilo lilikuwa limejificha ndani yake.

Swali la haki nalo lipo, ingawa ni jepesi zaidi. Miaka ya 1980 kanda za Smile zilianza kuzunguka kwa magendo, kutoka mkono hadi mkono, wakati mwenye kazi alikuwa amesema wazi kwamba hataki. Huko si kulinda amana. Hata hivyo watu hukumbusha kwamba Franz Kafka alimwagiza rafiki yake Max Brod ateketeze miswada yake, na Brod akaichapisha kuanzia 1925, mwaka mmoja baada ya kifo cha mwandishi. Leo ni wachache wanaomlaumu. Tofauti ni kwamba Kafka alikuwa amekufa. Brian alikuwa hai, anaumwa, na kila mahojiano aliulizwa juu ya kitu kilichomtisha.

Kisha akaimaliza. Tarehe 20 Februari 2004, katika ukumbi wa Royal Festival Hall London, akiwa na miaka 61, Brian alipanda jukwaani na bendi yake na kuipiga Smile nzima kwa mara ya kwanza. Mpiga kinanda wake, Darian Sahanaja, alikuwa amevipakia vipande vya zamani kwenye kompyuta na kukaa naye wakivipanga. Brian alipokutana na neno asiloweza kulisoma kwenye karatasi ya zamani ya mashairi, alimpigia simu Van Dyke Parks, na Parks akajiunga nao. Septemba albamu ilitoka, na wimbo wa moto, uleule uliomtisha, ukampa Brian tuzo yake ya kwanza ya Grammy.

Wengi walidhani ubishi umekwisha. Mwenyewe kasema, nani tena? Lakini sehemu ya mashabiki ilikataa, na kwa sababu zinazostahili kusikilizwa. Kazi ya 2004 ina sehemu kuu tatu, wakati santuri ya 1967 ingekuwa na pande mbili. Baadhi ya mashairi yake Parks aliyaandika wakati huo huo wa kuikamilisha. Mwaka 1967 vipande vilivyopewa mashairi hayo vilikuwa ala tupu. Dennis alifariki 1983, Carl 1998, na bila sauti zao wengine hawaisikii The Beach Boys. Mwaka 2011 kanda za asili zilitoka rasmi katika sanduku la CD tano, na hapo sauti za vijana wale zikapangwa kwa kufuata mpango wa mzee wa 2004. Wafu wanaimba kwa mpangilio uliobuniwa baada yao. Na pale ambapo mashairi hayakuwapo, ala zinapita peke yake.

Mashabiki waliokataa hawakosei wanaposema 2004 si 1967. Wanakosea wanapohitimisha kwamba basi ile ya 1967 bado iko mahali fulani, kamili, inangoja mtu mwenye sikio. Ukiwafuata Báñez na Waashari, jibu liko katika utashi wa Mungu, na hakuna kanda itakayokufikisha huko. Ukimfuata Adams, hakuna jibu la kufikiwa. Molina peke yake ndiye anayewapa matumaini, na hata yeye aliuweka ujuzi huo kwa Mungu, si kwa watu.

Katika Sahihi Muslim, Mtume (s.a.w.) anamwasa muumini aliyepatwa na jambo asiseme lau ningalifanya hivi ingalikuwa vile, kwa kuwa maneno hayo humfungulia shetani kazi. Wafafanuzi wametenga majuto yanayopinga kadari na tafakuri ya kawaida juu ya yaliyopita, na ni haki kuwapa mashabiki wa Smile nafasi kwenye kundi la pili. Wengi wao hawalii tena. Wanachukua vipande, wanavipanga upya nyumbani, wanapeana. Kazi hiyo si kurejesha kilichopotea wala si kughushi. Ni utunzi wa mtu mwingine kwa malighafi ya Brian, na wangeiita hivyo wangekuwa huru zaidi.

Waliotayarisha matoleo rasmi wanaonekana kulitambua hilo. Kazi ya 2004 iliitwa Brian Wilson Presents Smile. Sanduku la 2011 liliitwa The Smile Sessions, na lilipopata Grammy lilipewa ile ya albamu za kihistoria. Brian Wilson alifariki Juni 2025, siku chache kabla ya kutimiza miaka 83, na hadi siku hiyo The Beach Boys hawakuwa wametoa rasmi santuri yenye jina Smile peke yake.